Sura ya Tisa: Glavu Iliyokosekana Ukutani

Mstari wenyewe ulikuwa mfupi, tena umewekwa mwisho kabisa wa ripoti ya maabara, mahali ambapo watu wenye haraka hawafiki. "Kofia ya pembe mwishoni mwa mpini: hakuna damu juu yake, hakuna damu chini yake."

Inspekta Oula Sarre aliusoma mara tatu ndani ya gari, injini ikiunguruma ili asigande. Nje baridi ilikuwa nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Kwenye kiti cha pembeni, ndani ya mfuko wa plastiki uliotiwa lakiri, kililala kisu kilichomuua Aslak Kuuva, mkuu wa ushirika wa wafugaji wa kulungu wa theluji.

Kwamba kisu ndicho hicho hakukuwa na ubishi. Katika mfupa wa shingo ya marehemu daktari alichomoa kibanzi cha chuma kidogo kama punje ya mchele, nacho kilikaa barabara katika pengo la makali. Na kwa maoni ya wakubwa mjini, hakukuwa na ubishi pia kisu kilikuwa cha nani. Kwenye ile kofia ya pembe ilichongwa alama ambayo Piera Valle huwakata kulungu wake masikioni. Kila mfugaji ana alama yake, na hakuna wawili wanaofanana. Mchana wa siku ile ya mauaji Piera, kijana wa miaka ishirini na mitatu mwenye ulimi wa moto, alikuwa amemtukana Kuuva zizini mbele ya watu thelathini.

Piera alikuwa na utetezi mmoja tu. Kisu changu, alisema, nilikipeleka kwa mhunzi Vilho Palo kitengenezewe ala mpya, na sijakichukua.

Mhunzi Vilho Palo aliulizwa. Akasema kijana alikuja kukichukua Jumatatu asubuhi, siku ile ile ya mauaji.

Mhunzi alikuwa na miaka sabini na minne, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema uongo. Piera alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na hakuna aliyewahi kumsikia akinyamaza. Basi ikawa hivyo.

Simu ililia. Alikuwa Hautala, mkuu wake, kutoka mjini.

"Uko wapi, Sarre?"

"Nje ya karakana ya Vilho Palo."

"Tena? Yule mzee ameshatoa maelezo yake. Kesho saa nne mahakama inaamua kama kijana abaki rumande, na mimi nataka faili lililofungwa, si faili linalozurura."

"Ripoti inasema damu imelowa mpaka ndani ya mbao ya mpini mzima, lakini kofia haina hata tone."

"Kisu kilitupwa kwenye theluji. Theluji imefuta."

"Theluji ikafuta kofia, ikaacha mbao iliyo kando yake kwa upana wa unywele?"

"Unastaafu Aprili," alisema Hautala. "Staafu vizuri."

Oula alikata simu. Alimjua mama yake Piera, mjane, na alijua kwamba kijana akipelekwa gereza la kusini, kulungu wake mia na arobaini watatawanyika kabla ya majira ya kuzaa, na hapatakuwa na nyumba ya Valle tena kijijini. Kutawanyika kwa kundi hakungoji hukumu.

Akaweka mfuko wa kisu ndani ya begi, akalipachika begani, akashuka.

*

Karakana ya Vilho Palo ilikuwa na joto la tanuri na harufu ya lami ya msonobari. Mlangoni palipigiliwa pembe ya kulungu, na Oula, kabla ya kupiga hatua ya pili, alifungua mkanda wake wenye kisu kidogo akautundika hapo. Hakuna anayeingia ndani ya nyumba ya mtu na kisu kiunoni. Hata polisi.

"Kama umerudi kuniuliza habari za Piera, kunywa kahawa uende," alisema Vilho bila kuinua kichwa. Alikuwa anapiga msasa mpini. "Maneno yangu ni yale yale."

"Nimekuja kununua kisu, Mzee Vilho. Kikubwa."

Mzee akainua kichwa. "Polisi na kisu kikubwa wapi na wapi? Nyie kazi yenu kalamu."

"Aprili naiacha kalamu. Nataka kupanda milimani, nilale huko wiki nzima nisisikie simu. Kile ulichonitengenezea nikiwa na miaka kumi na mitano kilizama mtoni."

"Nakumbuka. Kilikuwa kisu kizuri. Kilimpata mwenyewe asiye na akili." Lakini alikuwa ameshaweka msasa chini. Akajifuta mikono, akamimina kahawa ndani ya kikombe cha mti, akatumbukiza vipande viwili vya jibini humo kama inavyopasa, akampa. Kisha akavuta droo, akapanga visu vitatu juu ya benchi. "Haya. Chagua, nione kama kuna ulichojifunza."

Oula akashika kile kirefu kuliko vyote.

Vilho akacheka puani. "Hicho ni cha watalii. Wanakwenda kukitundika juu ya televisheni. Kiweke."

"Ninataka cha kukatia matawi na kupasulia kuni."

"Ndiyo sababu nasema kiweke. Kisu cha porini, bapa lake lisizidi urefu wa kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati. Ukitaka zaidi ya hapo, nunua shoka. Hiki, je?"

"Kinang'aa."

"Kinang'aa kwa sababu hakishiki kutu. Na kisichoshika kutu, ukikaa siku ya tatu mlimani kikifa makali, huwezi kukinoa kwa jiwe la mtoni. Kutu unaifuta kwa mafuta. Kisu butu kwenye dhoruba kinakuzika." Akasukuma cha tatu. "Hiki sasa. Tazama mgongo, mnene, unaupiga kwa gogo upasue mti. Msuka, huu mkia wa bapa, umepita ndani ya mbao mpaka mwisho, hauonekani. Chuma tupu kikikugusa kiganja kwenye baridi kama ya leo, kinaondoka na ngozi yako."

"Kizuri."

"Umekitazama tu. Kisu hakichaguliwi kwa macho. Vaa glavu."

Mlango ukafunguka, baridi ikaingia na mtu. Alikuwa Taisto, mtoto wa pekee wa mhunzi, jitu la miaka arobaini lenye mabega ya kujaza mlango, naibu wa marehemu Kuuva katika ushirika. Akafungua mkanda wake akautundika juu ya ule wa Oula.

"Aa, serikali imekuja," alisema. "Baba, mwangalie asije akaondoka na misumari."

"Habari za zizini, Taisto?"

"Kazi tu. Tangu mkuu afe kila mtu anajua kuhesabu kulungu kuliko mwenzake." Akajimiminia kahawa, akainywa wima, mgongo kwa dirisha. "Piera amekiri?"

"Bado."

"Atakiri. Domo lake haliwezi kukaa na kitu." Akaweka kikombe. "Nakwenda kutia mafuta pikipiki ya theluji. Baba, leo sirudi kula."

Akachukua mkanda wake. Oula aliutazama ulipokuwa ukipita. Kulikuwa na kisu kidogo cha kukatia masikio ya ndama. Kando yake, kwenye ngozi nyeusi, palikuwa na sehemu iliyopauka, pana kama kiganja, mahali ambapo ala ya kisu kikubwa huning'inia na kusugua mwaka hadi mwaka. Ala haikuwapo.

Inaweza kuwa hakuna kitu, alijiambia. Mtu huweza kuacha kisu nyumbani. Lakini naibu wa wafugaji, mwezi wa Februari, akielekea zizini, bila kisu kikubwa?

"Nimesema vaa glavu," Vilho alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua kidogo.

Oula akavaa glavu yake ya manyoya, ile ya kidole gumba tu. Mzee akampa kisu.

"Kamata kama unakata tawi. Punga. Tena. Unaona kinavyokaa? Mpini wa kisu kikubwa hautengenezwi kwa mkono mtupu, maana huku hakuna anayefanya kazi kwa mkono mtupu. Unatengenezwa kwa glavu. Ndiyo maana mwisho wake lazima utanuke, kama kwato. Hapo ndipo glavu inapokwama. Ukiufanya mwembamba, siku moja unapiga tawi, kisu kinakuchoropoka, kinaingia gotini, na uko kilomita arobaini kutoka kwa watu."

"Lazima?"

"Lazima. Sijawahi kutengeneza mpini mwembamba mwishoni, na baba yangu hakuwahi. Anayetengeneza hivyo si mhunzi, ni muuaji." Neno likamtoka, kisha akalitazama lilipoangukia. Haraka akachukua ganda la mti wa mbetula na kipande cha mkaa. "Weka mkono hapa. Nikuchore."

Huo ulikuwa utaratibu wake. Mteja wa kisu kikubwa huweka mkono wake wenye glavu juu ya ganda, Vilho huuzungushia mkaa, na ganda hutundikwa ukutani lisiondolewe. Ukuta mzima wa kaskazini ulikuwa na mikono, kijiji kizima kikiwa kimeinua mkono mmoja. Makumi ya wenyewe walikuwa makaburini. Oula alijua mahali pake mwenyewe: safu ya tatu, glavu ya mtoto wa miaka kumi na mitano. Ya Piera ilikuwa safu ya chini, nyembamba, fupi.

Mkaa ulipomaliza kuzunguka, Oula hakuondoa mkono. Kwa mkono wa pili alitoa mfuko wa plastiki katika begi, akauweka juu ya benchi, lakiri juu.

"Usiuguse, Mzee Vilho. Utazame tu."

"Nimeshautazama. Nilikwambia ni kisu cha Piera. Nilikitengeneza mwenyewe, miaka mitatu sasa."

"Kazi yako yote?"

"Yote. Bapa, mpini, kofia."

"Basi nieleze mwisho wa mpini."

Mzee aliinamia tena msasa wake.

"Mimi si fundi," Oula alisema. "Lakini umenifundisha sasa hivi, nami nilikuwa nasikiliza. Mpini huu unakwenda ukinenepa vizuri, halafu upana wa vidole viwili kabla ya mwisho unarudi ndani. Umepigwa msasa ukae sawa na kofia. Glavu haikwami hapa. Kisu kinachoropoka. Unasema kazi hii ni yako?"

Tanuri likavuma. Vilho aliutazama ule mpini ndani ya plastiki kama mtu anavyotazama picha yake iliyopigwa akiwa amelewa.

"Andika basi," Oula akaendelea taratibu. "Mhunzi Vilho Palo anathibitisha kwamba alimtengenezea Piera Valle mpini mbovu. Kesho itasomwa mahakamani, na watu wa ushirika watakuwepo. Weka sahihi hapa."

Akamsukumia karatasi na kalamu.

Mzee alichukua kalamu. Ilikaa mkononi mwake, haishuki. Mtu huyu alikuwa amemshuhudia uongo mtoto wa mjane mbele ya polisi wawili, bila jicho kupepesa, na angeurudia kesho mbele ya hakimu. Lakini karatasi hii ilimshinda.

"Mpini ule," alisema mwishowe, "haukutoka hapa ukiwa hivyo."

"Ulitoka ukiwaje?"

"Ulitoka mzuri." Akaweka kalamu. "Mtu ameuharibu baadaye."

"Mtu mwenye msasa, gundi, na kofia ya Piera mkononi. Na Piera, ukubwa wa mkono wake ni ule pale." Oula akaenda ukutani, akatoa rula, akapima glavu ya Piera toka upande hadi upande, akaandika. Akarudi, akapima mpini juu ya plastiki, akaandika. "Piera angeshika mpini huu kama mtoto anavyoshika mchi. Huu ni wa mkono mkubwa. Tumtafute mwenyewe."

Akaanza safu ya juu. Alikwenda polepole, akisoma majina yaliyoandikwa kwa mkaa chini ya kila ganda. Kuuva alikuwapo, Mungu amrehemu. Hautala hakuwapo, kwa kuwa Hautala ni mtu wa mjini. Alikuwapo Vilho mwenyewe, na kando ya Vilho palikuwa na msumari mtupu.

Msumari mtupu si kitu. Lakini moshi wa tanuri ulikuwa umeupaka ukuta huo masizi kwa miaka mingi, kila mahali isipokuwa nyuma ya maganda. Chini ya msumari mbao ilikuwa nyeupe, na ule weupe ulikuwa umekatwa kwa umbo la ganda. Vilho hukata maganda yake kwa kufuata mstari wa mkaa. Kwa hiyo ukutani palikuwa na glavu moja nyeupe, kubwa, kidole gumba kikielekea kwa baba yake.

Oula akaipima. Hakuandika. Hapakuwa na haja.

"Umelitoa lini?" aliuliza.

"Jumatatu usiku."

"Na kisu cha Piera?"

Vilho akainama chini ya benchi, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa, akakifungua. Bapa zuri, mpini mfupi uliotanuka kama kwato, na mwishoni, mahali pa kofia, mbao tupu na ncha ya msuka. Kando yake ala mpya, mshono wake ungali mweupe.

"Ala ilikuwa imekwisha kushonwa," alisema. "Nilimwahidi kumpa Ijumaa."

"Kwa nini ulihamisha kofia tu, si mpini wote?"

"Msuka wa Taisto ni mnene, usingeingia. Na usiku ulikuwa mmoja." Alikuwa anaongea sasa kama fundi anayeeleza kazi, na ilielekea ilimpunguzia uzito. "Alikuja saa mbili na damu mpaka kwenye kiwiko. Kuuva alikuwa amegundua ndama kumi na moja ambao alama zao zimekatwa upya. Alama za Piera, za mama yake Piera, zimekuwa za Taisto. Ndiyo maana yule kijana alikuwa anapiga kelele siku ile. Alidhani Kuuva ndiye mwizi. Kuuva akasema atalitangaza kwenye mkutano. Mwanangu akaniambia, baba, nimepiga mara moja tu. Kama vile mara moja ni kidogo."

"Na ukaiacha damu kwenye mpini makusudi."

"Niliiacha."

"Mama yake Piera anakuja hapa kunoa visu vya jikoni."

"Alikuja jana," alisema Vilho. "Nilimnolea."

Nje injini ya pikipiki ya theluji iliwaka, ikakohoa, ikawaka tena. Oula akageuka dirishani na mkono kwenye simu. Taisto alikuwa amekaa juu ya kiti, haendi kokote, akitazama karakana.

"Hatakimbia," alisema baba yake. "Hajawahi kumaliza jambo lolote katika maisha yake. Hata kukimbia."

Oula alipiga simu. Aliita gari la doria, akataja majina mawili, akasema hapana, si Valle. Upande wa pili Hautala alianza kuuliza jambo, akalimeza. Oula akavaa glavu za mpira, akakiweka kisu cha Piera ndani ya mfuko mpya, na ala ndani ya mwingine, akaandika tarehe na saa.

"Nipe nusu saa nikitie kofia," Vilho alisema. "Kijana akitoka kesho atakihitaji."

"Sasa ni kidhibiti, Mzee Vilho. Hakitatoka mpaka kesi iishe."

"Hiyo ni mwaka."

"Ni mwaka."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akavua aproni ya ngozi, akaikunja, akaiweka juu ya fuawe. Kisha macho yake yakaangukia lile ganda bichi la mbetula juu ya benchi, lenye mkono wa Oula uliozungushiwa mkaa dakika kumi zilizopita. Akaliokota.

"Ulisema umekuja kununua kisu," alisema. "Ukanitazama usoni, ukanywa kahawa yangu."

"Ni kweli nilikuja kununua. Nastaafu Aprili. Kile cha zamani kilizama."

Lilikuwa kweli, kila neno, na Oula aliposikia maneno yake mwenyewe alielewa kwamba hakuna mtu aliye hai ambaye angeyaamini.

"Katika chumba hiki," Vilho alisema, "miaka hamsini na mbili, waongo walioingia ni wawili. Wa kwanza nilimlea."

Oula hakumwuliza mzee mwenyewe amejiweka wapi katika hesabu hiyo. Mzee alifungua mlango wa tanuri akalitupa ganda ndani. Mbetula hauhitaji kubembelezwa, hushika moto hata ukiwa mbichi. Glavu ilijikunja taratibu, kama mkono unaofumbwa, na kidole gumba ndicho kilichokuwa cha mwisho kuungua.

Kisha mhunzi akatoka nje bila koti, kwenda kumwambia mwanawe azime injini.